Epictetus: mtumwa aliyelemaa mguu aliyefundisha wakubwa wa Roma kutuliza moyo

Hakuwa na shamba wala nyumba kubwa, hakuandika kitabu hata kimoja kwa mkono wake, na sehemu ya kwanza ya maisha yake aliipitisha akiwa mali ya mtu mwingine. Lakini karibu miaka 1900 tangu afariki, jina la Epictetus bado linatajwa kila mara watu wanapotafuta namna ya kubaki na moyo mtulivu katikati ya matatizo. Waliosoma falsafa kwa Kifaransa wanamjua kwa jina la Épictète.

Fundisho lake kubwa linasemwa kwa maneno machache: kuna mambo yaliyo mikononi mwa mtu, na kuna mengine yasiyo mikononi mwake. Moyo unavurugika pale mtu anapoyachanganya. Ni rahisi kutamka hivyo. Maisha ya Epictetus yanaonyesha kwa nini ni vigumu kuishi hivyo, na kwa nini fundisho hilo halina maana ya kukunja mikono na kungoja.

Kutoka Hierapolis hadi Roma

Epictetus alizaliwa karibu mwaka wa 50 baada ya Kristo huko Hierapolis, mji wa eneo la Frigia. Mabomoko ya mji huo yanaonekana hadi leo Pamukkale, magharibi mwa Uturuki, mahali penye chemchemi za maji ya moto ambazo zimefanya mteremko wa kilima uwe mweupe kama pamba. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana na jina hilo: Hierapoli inatajwa katika barua ya Paulo kwa Wakolosai, sura ya 4.

Jina lake lenyewe linaeleza hali yake. Kwa Kigiriki, epictetus ni kitu kilichopatikana, kilichoongezwa juu ya mali ambayo mtu alikuwa nayo. Sheria za Roma zilimhesabu mtumwa pamoja na vyombo na mifugo ya nyumba. Bwana wake aliweza kumuuza, kumpiga, au kumwachia mrithi.

Alifikishwa Roma, na huko bwana wake alikuwa Epaphroditus, mtu wa mali nyingi na cheo kikubwa. Epaphroditus naye aliwahi kuwa mtumwa. Aliachwa huru, akapanda hadi kuwa katibu wa Kaisari Nero, aliyetawala kuanzia mwaka wa 54 hadi 68. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za watu walioomba msaada au haki kwa mtawala. Mtu wa kazi kama hiyo huogopwa na kubembelezwa, kwa sababu anayetaka kusikilizwa juu anapaswa kwanza kupita kwake.

Mwaka wa 68 Nero alipoangushwa, Epaphroditus alikuwa kati ya watu wachache sana waliotoroka pamoja naye. Nero aliposhindwa kujiua peke yake, katibu huyo ndiye aliyemsaidia. Hivi Epictetus alipitisha ujana wake karibu na mlango wa utawala, akaona kwa macho yake namna cheo kinavyopanda na namna kinavyoanguka.

Fundi viatu wa Kaisari

Miaka mingi baadaye, Epictetus aliwasimulia wanafunzi wake mambo aliyoyaona katika nyumba hiyo. Epaphroditus alikuwa na mtumwa fundi viatu aliyeitwa Felicio. Alimwona hana faida, akamuuza. Kwa bahati, mtu mmoja wa nyumba ya Kaisari akamnunua, na Felicio akawa fundi viatu wa Kaisari mwenyewe. Tangu siku hiyo Epaphroditus alianza kumheshimu mtu yule yule aliyemfukuza. Alimsalimia kwa unyenyekevu na kumwomba shauri. Mgeni akija kuuliza mkubwa yuko wapi, alijibiwa kwamba yuko ndani, anazungumza na Felicio.

Siku nyingine, mtu mmoja alikuja akashika magoti ya Epaphroditus, akilia kwamba amekuwa maskini kabisa. Alikuwa amebakiwa na sesterce milioni moja na nusu tu. Askari wa kawaida wa Roma alilipwa sesterce 900 kwa mwaka. Pesa hizo zingemlipa askari mmoja kwa zaidi ya miaka 1600. Epaphroditus hakucheka. Alishangaa jinsi mtu huyo alivyoweza kuvumilia na kunyamaza muda wote huo.

Wanafunzi walicheka waliposikia visa hivyo, lakini mwalimu alikuwa na lengo. Alitaka waone kwamba mtu anaweza kuwa huru mbele ya sheria, mwenye nyumba na watumwa, na bado akatumikishwa na kila mwenye kushika kitu anachokitamani. Katika nyumba ya Epaphroditus, aliyelala kwa wasiwasi zaidi hakuwa lazima yule aliyelala chini.

Mguu uliolemaa

Epictetus alichechemea. Waandishi wa zamani hawakubaliani juu ya chanzo cha ulemavu huo. Origenes, mwalimu Mkristo wa karne ya 3, ameandika kisa alichokitoa kwa mpinzani wake Celsus: bwana alikuwa akiukunja mguu wa mtumwa wake, na Epictetus akamwonya kwa upole kwamba utavunjika. Ulipovunjika, alimkumbusha tu kwamba alikuwa amemwonya. Maandishi mengine yanasema ulikuwa ugonjwa wa viungo.

Epictetus mwenyewe hakuujenga mguu huo kuwa kisa cha kujisifu wala cha kumshtaki mtu. Alipoutaja, aliutumia kama mfano wa karibu kabisa wa mpaka aliokuwa akiufundisha. Ulemavu uliweza kupunguza mwendo wake. Haukuweza kuamua atakuwa mtu wa namna gani.

Mtumwa darasani

Akiwa bado mtumwa, alianza kwenda kusikiliza masomo ya Musonius Rufus, mwalimu maarufu wa Wastoiko. Kundi hilo lilianzishwa Athene karibu mwaka wa 300 K.K. na Zeno, mtu wa Citium kwenye kisiwa cha Kipro. Walikutana katika baraza lenye nguzo, ambalo Wagiriki huita stoa, na jina lao likatoka hapo. Ndio Wastoiko wale wale ambao kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinasema walibishana na Paulo huko Athene, karibu wakati ule ule Epictetus alipozaliwa.

Musonius hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka wa 65 Nero alimfukuza na kumpeleka Gyaros, kisiwa kidogo cha mawe chenye shida ya maji. Alirudi Roma baada ya Nero kufa. Alifundisha kwamba wanawake pia wanapaswa kusoma falsafa, jambo ambalo watu wengi wa wakati wake hawakulikubali. Darasani alikuwa mkali. Alikuwa akimjaribu kijana wake mtumwa kwa kumtajia mabaya ambayo bwana wake angeweza kumtendea, ili aone kama atatetemeka.

Siku moja Musonius alimkemea kwa kosa dogo la hesabu ya maneno katika somo la mantiki. Epictetus akajitetea kwamba, baada ya yote, hakuchoma Capitolium, hekalu kubwa la Roma. Mwalimu akamjibu kwamba katika kazi iliyo mbele yake, kosa hilo ndilo Capitolium yake. Epictetus hakusahau somo hilo. Lile lililo mikononi mwako, hata likiwa dogo, ndilo unalodaiwa kulifanya vizuri.

Uhuru, kisha kufukuzwa

Baadaye Epictetus aliachwa huru, akaanza naye kufundisha Roma. Mwanzo ulikuwa mgumu. Alijaribu kufanya kama Socrates, yaani kumsimamisha tajiri njiani na kumwuliza maswali: nani anatunza farasi wako, nani anatunza dhahabu yako, na nani anatunza nafsi yako? Mwishoni mwa maswali tajiri alikasirika, na mwalimu alijikuta karibu na ngumi. Alikiri kwa kicheko mbele ya wanafunzi wake kwamba kazi hiyo aliipenda sana mpaka ilipomletea matatizo.

Kisha kukatokea tatizo kubwa zaidi. Kaisari Domitian, aliyetawala kuanzia 81 hadi 96, aliwaogopa watu waliosema wazi mbele ya utawala, na wengi wao walikuwa karibu na Wastoiko. Wengine aliwaua. Kisha akatoa amri kwamba wanafalsafa wote waondoke Roma na Italia. Epictetus, aliyekuwa amekwisha kupata uhuru wake, akawa sasa mtu wa kufukuzwa.

Domitian huyo huyo ndiye aliyeamuru Epaphroditus auawe, karibu mwaka wa 95. Kosa lake lilikuwa kumsaidia Nero kufa, jambo lililotendeka zaidi ya miaka 25 nyuma. Bwana aliyekuwa na mali, cheo na marafiki wakubwa alipoteza vyote pamoja na uhai wake kwa sababu ya hofu ya mtawala mmoja. Mtumwa wake wa zamani alikuwa ng'ambo ya bahari, anafundisha.

Shule ya Nicopolis

Epictetus alikwenda Nicopolis, mji wa pwani ya magharibi ya Ugiriki, karibu na Preveza ya leo. Octavian, aliyeitwa baadaye Augustus, aliujenga kama kumbukumbu ya ushindi wake wa Actium mwaka wa 31 K.K. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni Nikopoli ile ile ambako Paulo, katika barua kwa Tito, anasema amekusudia kupitisha majira ya baridi. Ulikuwa mji wa njia: waliotoka Ugiriki kwenda Italia na waliorudi walipita hapo.

Shule aliyoifungua ikajulikana mbali. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, waliotazamia kuwa mahakimu, magavana au maofisa wa jeshi. Walikuja kutafuta maneno mazuri ya kusema mbele ya watu. Mwalimu aliwaeleza kwamba shule ya falsafa ni kama nyumba ya daktari: anayetoka humo hapaswi kutoka akifurahi tu, kwa sababu aliingia akiwa mgonjwa, na dawa inauma.

Somo la kwanza lilikuwa kutenganisha. Upande mmoja Epictetus aliweka mawazo ambayo mtu anayakubali au kuyakataa, mambo anayoyatamani au kuyakwepa, na maamuzi anayoyachukua. Upande wa pili aliweka mwili, mali, sifa, cheo, na matendo ya watu wengine. Mtu anaweza kutunza mwili wake na kulinda mali yake, lakini hana neno la mwisho juu yake. Ugonjwa unaweza kuja, mwizi anaweza kuja, mkubwa anaweza kukufuta kazi. Anayeweka furaha yake yote upande huo wa pili amempa mtu mwingine ufunguo wa moyo wake.

Aliwapa mfano wa msafiri aliyekaa bandarini, ambaye anachungulia anga kila saa na kuuliza upepo wa kumpeleka utavuma lini. Upepo hauko chini ya amri yake. Kuchagua chombo kizuri, nahodha mzuri na siku inayofaa, hayo ni yake. Akiisha kuyafanya, kuhangaika hakutasogeza merikebu hata hatua moja.

Alipenda pia kuwasimulia kuhusu Paconius Agrippinus, mbunge wa Roma aliyeshtakiwa wakati wa Nero. Aliarifiwa kwamba kesi yake inasikilizwa. Saa ilikuwa imefika ya kufanya mazoezi na kuoga, basi akaenda kufanya mazoezi na kuoga. Alipoarifiwa kwamba amehukumiwa, aliuliza kama ni kifo au kufukuzwa nchini. Ni kufukuzwa. Na mali? Haikuchukuliwa. Akaamua waende Aricia, kituo cha kwanza nje ya Roma, wakale huko chakula chao cha mchana.

Hakuwataka vijana waanze na mambo makubwa kama hayo. Waanze na chungu kinachovunjika nyumbani. Waanze na kelele za bafu ya mji, ambako kuna wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana na wanaoiba nguo. Kabla ya kuondoka nyumbani, mtu ajikumbushe kwamba mambo hayo yatakuwepo, na kwamba amekwenda kuoga huku akilinda utulivu wake. Anayezoea kulinda moyo katika mambo ya bafu atakuwa na mahali pa kuanzia siku ya msiba.

Baba aliyemkimbia mtoto mgonjwa

Kati ya mazungumzo yake yaliyohifadhiwa, moja linaonyesha vizuri kuliko mengine alichotaka kusema. Mkubwa mmoja wa serikali alimtembelea. Katika kuzungumza juu ya familia, alieleza kwamba binti yake mdogo aliugua sana, na yeye hakuweza kuvumilia kumtazama. Alitoka nyumbani, akakaa mbali mpaka alipoletewa habari kwamba mtoto amepona. Aliona alifanya kama baba yeyote mwenye upendo.

Epictetus alimwuliza taratibu, swali baada ya swali. Je, mama hakumpenda mtoto huyo? Alimpenda. Je, yaya hakumpenda? Alimpenda. Basi nao wangeondoka, mtoto abaki mikononi mwa watu wasiomjali? Na yeye mwenyewe akiugua, angefurahi kupendwa namna hiyo, kila mwenye kumpenda akitoroka na kumwacha peke yake? Mgeni hakuwa na jibu.

Mwalimu alimwonyesha kwamba aliyemtoa nyumbani hakuwa upendo. Ni wazo lake mwenyewe kwamba hawezi kuvumilia. Ugonjwa wa binti haukuwa mikononi mwake. Kukaa karibu na kitanda, kumshika mkono na kumpa maji, hayo yalikuwa mikononi mwake, na ndiyo aliyoyaacha.

Hapo linaonekana kosa la wale wanaofikiri kwamba Epictetus aliwafundisha watu kutojali. Kwa baba huyu, utulivu ungekuwa nguvu ya kubaki. Wasiwasi ndio uliomfanya akimbie.

Taa ya chuma na taa ya udongo

Mwalimu huyo aliishi kwa vitu vichache. Alikuwa na taa ya chuma aliyoiweka karibu na miungu ya nyumba yake. Usiku mmoja alisikia kelele, akashuka mbio, akakuta imeibiwa. Alijisemea kwamba aliyeiba hakufanya jambo la kushangaza, na kwamba kesho atanunua taa ya udongo. Kisha akafanya hesabu yake: mwizi alikuwa macho kuliko yeye, lakini aliinunua taa hiyo kwa bei ya kuwa mwizi. Epictetus aliona bei hiyo ni kubwa mno.

Swali gumu

Kuna mambo katika mafundisho yake ambayo yanawakwaza watu hadi leo. Aliwaambia wanafunzi kwamba mtu anapombusu mtoto wake, akumbuke kwamba anambusu binadamu ambaye anaweza kufa, ili siku ya msiba asivunjike. Wazazi wengi wakisoma hayo wanaona baridi ya jiwe. Tena, mtu huyo aliyeonja utumwa hakutoa wito wa kuufuta. Msomaji anayeishi mahali ambapo vita na kukimbia makwao vimekuwa mambo ya kila mwaka ana haki ya kuuliza kama falsafa hii haiwapendezi zaidi wenye nguvu, wanaofurahi kila wanyonge wanapofundishwa kuvumilia.

Sehemu ya jibu iko katika maneno yake kwa mabwana. Kwa mwenye nyumba aliyemkasirikia mtumwa kwa kuleta maji yasiyo na moto wa kutosha, alimkumbusha kwamba mtumwa huyo ni ndugu yake, kwa sababu wote wawili wametoka kwa Mungu mmoja, na kwamba hati ya kumnunua ni karatasi ya sheria za wafu. Kauli hiyo haikuvunja minyororo. Lakini ilitoka kinywani mwa mtu aliyewahi kununuliwa, mbele ya vijana ambao nyumba zao zilijaa watumwa.

Kuhusu watawala, aliwasifu waziwazi wale walioshindana nao. Alimtaja Helvidius Priscus, mbunge aliyekatazwa na Kaisari Vespasian kuhudhuria kikao. Helvidius alijibu kwamba maadamu yeye ni mbunge atahudhuria, na akiulizwa maoni atasema lile analoliona la haki. Aliuawa. Katika hesabu ya Epictetus, uamuzi wa kuua ulikuwa wa Kaisari, na uamuzi wa kusema ulikuwa wa Helvidius, na kila mmoja alifanya sehemu yake. Kwa hiyo mpaka aliouchora haukuwa ruhusa ya kunyamaza. Ulimwondolea mtu kisingizio cha kwamba hawezi kufanya kitu.

Sehemu nyingine ya jibu iko katika tendo la uzee wake. Epictetus aliishi peke yake miaka mingi, bila mke wala watoto. Mwandishi Simplicius, wa karne ya 6, anaeleza kwamba rafiki yake mmoja, kwa sababu ya umaskini, alikuwa karibu kumtupa mtoto wake mchanga. Katika dunia ya Waroma, mtoto aliyeachwa nje aliweza kufa, au kuokotwa na kulelewa kama mtumwa. Mzee Epictetus alimchukua mtoto huyo, akamleta mwanamke nyumbani wa kumsaidia kumlea. Umaskini wa rafiki hakuweza kuufuta. Kufungua mlango wa nyumba yake aliweza.

Daftari za mwanafunzi

Epictetus alifariki karibu mwaka wa 135, bila kuacha maandishi yake. Mafundisho yamebaki kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, Arrian wa Nicomedia, aliyekaa katika shule ya Nicopolis mwanzoni mwa karne ya 2. Arrian alifuata baadaye njia ya wakubwa: alikuwa gavana wa Kapadokia, na akaandika historia ya vita vya Alexander Mkuu. Akiwa darasani aliandika maneno ya mwalimu wake karibu kama yalivyotoka kinywani. Zimebaki sehemu nne za Mazungumzo, pamoja na kitabu kidogo kinachoyafupisha, chenye sura 53 fupi, ambacho Wafaransa wanakiita Manuel.

Mwandishi Lucian anasimulia kwamba baada ya kifo chake, mtu mmoja alinunua ile taa ya udongo kwa drachma 3000, akitumaini kwamba akisoma usiku kwa mwanga wake atapata hekima ya mzee yule. Lucian alimcheka. Waliofaidika zaidi ni wale waliopata daftari za Arrian.

Mmoja wao alikuwa Marcus Aurelius. Katika ujana wake, mwalimu wake Rusticus alimwazima nakala ya mafundisho ya Epictetus kutoka nyumbani kwake, na Marcus alimshukuru kwa jambo hilo hadi uzeeni. Kuanzia 161 hadi 180 alikuwa mtawala wa Roma yote, wakati wa ugonjwa mkubwa wa kuambukiza na vita virefu kwenye mto Danube. Katika kambi za jeshi aliandika mawazo yake ya kujionya, na humo alimtaja mara kadhaa mtumwa wa Hierapolis. Kaisari mwenye kila kitu alimhitaji mtu aliyeishi bila kitu, ili akumbuke kwamba naye pia hana amri juu ya kifo, tauni na maneno ya watu.

Baada ya hapo, watawa Wakristo walikichukua kitabu kidogo wakakirekebisha kwa matumizi yao. Katika nakala moja, jina la Socrates liliondolewa, likawekwa la Paulo. Katika karne ya 20, wataalamu wa tiba ya akili Albert Ellis na Aaron Beck, wa Marekani, walieleza kwamba Wastoiko ni kati ya mizizi ya njia yao ya kutibu watu wenye huzuni na wasiwasi. Njia hiyo inamsaidia mgonjwa kuchunguza mawazo anayoyaweka juu ya tukio, kwa sababu mara nyingi mawazo hayo ndiyo yanayomwumiza zaidi.

Jaribio kali zaidi lilitokea Vietnam. Tarehe 9 Septemba 1965, ndege ya James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani, ilipigwa. Alitua kwa mwavuli, akakamatwa, na mguu wake ukavunjika. Alifungwa miaka saba na nusu, zaidi ya minne kati yake akiwa peke yake, na aliteswa mara nyingi. Kabla ya vita alikuwa amesoma kitabu kidogo cha Epictetus katika chuo kikuu cha Stanford, akakishika kichwani.

Gerezani Stockdale alipanga mambo yake katika mafungu mawili. Siku ya kuachiliwa, afya yake na vita vyenyewe havikuwa mikononi mwake. Heshima yake na wajibu wake kwa wafungwa wenzake vilikuwa mikononi mwake. Walitengewa vyumba na kukatazwa kuongea, basi wakazungumza kwa kugonga ukuta, herufi moja baada ya nyingine, na kwa njia hiyo aliwaongoza na kuwatia moyo. Alitoka Februari 1973, akichechemea kama mwalimu wake, na mguu huo haukupona tena. Hakuwa na amri juu ya ukuta wa gereza. Alichokuwa nacho ni kidole cha kugonga, na alikitumia kila siku.